Wadukuzi Hawaulizi Njia ya Mutomo

Mwishoni mwa Julai 2018, Simon Kenin, mtafiti wa usalama wa mitandao katika kampuni ya Trustwave, aliona jambo la kutisha likitokea Brazil. Maelfu kwa maelfu ya ruta za MikroTik, vile visanduku vya Latvia vinavyopendwa na watoa huduma wadogo wa intaneti kwa unafuu wa bei, zilikuwa zikiwapelekea watumiaji msimbo ambao hawakuuomba. Kivinjari kilichofungua ukurasa wenye msimbo huo kiligeuzwa kibarua wa kuchimba Monero, sarafu ya kidijitali, kwa faida ya mtu asiyejulikana. Kompyuta zilipungua kasi, simu zikapata joto, na wenyewe wakabaki kulaumu mtandao.

Njia iliyotumika ni proksi ya wavuti iliyomo ndani ya ruta hizo. Kazi yake halali ni kuhifadhi nakala, yaani kache, za kurasa zinazofunguliwa mara kwa mara ili zisivutwe tena kutoka mbali. Mvamizi aliiwasha, akaandika upya ukurasa wa hitilafu, ule unaojitokeza tovuti inapokosekana, na humo akapachika msimbo wake. Aliingia kupitia udhaifu uliosajiliwa kwa nambari CVE-2018-14847, ambao watengenezaji walikuwa wameuziba tangu Aprili mwaka huohuo. Kiraka kilikuwapo kwa zaidi ya miezi 3, tena bila malipo. Ruta karibu 200,000 ziliathirika kwa sababu hakuna aliyekiweka.

Ruta za aina hiyohiyo ndizo zinazoendesha sehemu kubwa ya Wi-Fi za vocha nchini Kenya, zile ambazo mtu hulipa shilingi chache kwa M-Pesa, akapewa nambari na kuanza kuperuzi. Zimo sokoni, zimo kwenye maduka ya vijijini, zimo kwenye hosteli za wanafunzi. Ndiyo maana kisa cha Brazil kingefaa kujadiliwa kwa kina Kitui, Mwingi, Wote na Kibwezi. Kinachosikika huko, badala yake, ni wazo lililozoeleka hata likachukuliwa kuwa busara: kwamba wadukuzi wana kazi na benki za Nairobi, na kwamba kaunti kame za Ukambani hazina cha kuibiwa, hazijulikani, na kwa hiyo ziko salama. Wazo hilo husemwa na wenye saiba, walimu wakuu na hata maafisa wanaoandaa bajeti. Si kweli, na kadiri linavyoendelea kuaminiwa ndivyo linavyozidi kuwaweka watu hatarini.

Tuanze na hilo la kutojulikana. Linachukulia kwamba mvamizi hukaa, akafungua ramani, akachagua mji. Mambo hayaendi hivyo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ZMap, programu iliyowezesha kompyuta moja yenye muunganisho wa kasi kupapasa anwani zote za IPv4 duniani kwa muda usiofika dakika 45. Miaka minne kabla yake ilikuwa imezinduliwa Shodan, tovuti inayoorodhesha vifaa vilivyounganishwa na intaneti ili mtu yeyote avitafute kwa aina, kwa toleo au kwa nchi. Programu inayopapasa haioni Mutomo ya Kitui wala Manhattan. Inaona nambari, inabisha mlango wa 3128, ambao ndio mlango wa kawaida wa programu ya proksi iitwayo Squid, na ikijibiwa inaandika nambari hiyo kwenye orodha. Seva iliyo Zombe, hukohuko Kitui, hubishiwa hodi siku ileile inayobishiwa ile ya benki, na tofauti pekee ni kwamba kule benki kuna mtu wa zamu.

Kenya ilishaonjeshwa hali hii mapema. Januari 2012 tovuti 103 za serikali ziliharibiwa kwa mkupuo mmoja na mtu wa Indonesia aliyejiita Direxer. Hakuwa na ugomvi na Wakenya. Alikuta mlango uko wazi akaingia. Tovuti hizo zilikuwa za wizara na idara za kila namna, na nyingi kati yake hazikuwa na siri yoyote ya maana. Zilivamiwa hata hivyo.

Halafu kuna hilo la kutokuwa na cha kuiba. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni 987,653. Hawa wana vyeti, rekodi za hospitali, leseni za biashara, ada za ardhi, matokeo ya mitihani, nambari za simu zilizounganishwa na M-Pesa. Makueni ndiyo iliyoanzisha mpango wa afya wa MakueniCare mwaka 2016, ambapo kaya ilichangia shilingi 500 kwa mwaka na kusajiliwa pamoja na wategemezi wake. Usajili wa namna hiyo ni orodha ya familia: nani ni mzazi wa nani, nani ana umri gani, nani anatibiwa wapi. Na anayedai kwamba data yote iko Nairobi angezuru Malili, ndani ya Makueni yenyewe, ambako Rais Mwai Kibaki aliweka jiwe la msingi la jiji la teknolojia la Konza Januari 2013 kwenye ekari 5,000, na ambako leo kuna Kituo cha Kitaifa cha Data. Kaunti hii inaishi jirani na moja ya maghala makubwa ya data ya taifa, na bado inaambiwa haina cha kuibiwa.

Hata bila Konza hoja ingebaki palepale, kwa sababu mvamizi wa proksi mara nyingi hataki data ya mwenye mashine. Anataka mashine yenyewe. Akiipata, anaweza kupitisha humo mashambulizi yake dhidi ya wengine, na polisi wakifuatilia anwani watafika kwenye ofisi ya shule. Anaweza pia kutumia nguvu yake ya umeme na bando lake. Na anaweza kuwageukia wote wanaopitia hapo, kama ilivyokuwa Brazil.

Hao wote wanaopitia hapo ndio kiini cha suala, na hapa kaunti za mashambani zina hatari kubwa kuliko Nairobi. Kwenye nyumba za Kilimani, Nairobi, kila familia ina ruta yake. Kwenye soko la kijijini watu mia hutumia laini moja, na shule ya bweni yenye wanafunzi mia kadhaa hutoka nje kupitia mashine moja iliyo kwenye kabati la maabara. Proksi ya kache huwekwa hasa pale ambapo wengi wanagawana kidogo.

Makueni na Kitui zinajua kwa uchungu kile ambacho ghala moja linaweza kuwafanyia watu wengi. Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu ya aflatoksini na 125 wakafa, wengi wao katika wilaya hizi mbili. Wachunguzi walipopima mahindi ya wauzaji sokoni, zaidi ya nusu ya sampuli zilikuwa na sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa, kwa hiyo aliyenunua debe hakuponea kwa sababu tu ghala halikuwa lake. Data haiwezi kulinganishwa na uhai wa mtu, lakini mkondo wa madhara ni uleule: kache iliyotiwa sumu mara moja hupokewa na kila anayehudumiwa nayo, na kila mmoja anaamini amepata ukurasa halisi.

Hii si nadharia. Squid, programu mashuhuri kuliko zote za proksi ya kache, ilianza mwaka 1996 mikononi mwa Duane Wessels, ikichipuka kutoka mradi wa Harvest wa Chuo Kikuu cha Colorado. Afrika Mashariki iliihitaji sana. Kabla ya kebo ya SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ilitoka kwenye setilaiti kwa bei ya kuumiza, na chuo kilichokuwa na kache nzuri kiliweza kuwahudumia wanafunzi wengi kwa laini nyembamba. Heshima hiyo Squid inastahili. Lakini Mei 2016 ilitangazwa kasoro, CVE-2016-4553, iliyompa mtu fursa ya kuidanganya Squid kuhusu jina la tovuti, hivyo nakala yake ya uongo ikahifadhiwa kwa jina la tovuti ya kweli na kugawiwa wengine. Desemba mwaka huohuo ikafuata CVE-2016-10002, ambapo Squid iliweza kumpa mtumiaji mmoja jibu lenye vidakuzi vya mwingine. Kidakuzi ndicho kinachoiambia tovuti kwamba fulani ameshaingia kwa nenosiri lake. Aliyekishika anaweza kupokewa kama ndiye fulani.

Haya yalizibwa. Kilichofuata kilikuwa kikubwa zaidi. Joshua Rogers, mtafiti wa Australia, aliikagua Squid kwa kina na mwaka 2021 akawaarifu watengenezaji kwamba amepata kasoro 55. Alisubiri. Oktoba 2023 aliziweka hadharani, na wakati huo 35 kati yake zilikuwa bado hazijarekebishwa. Rogers hakuwatukana wenye mradi. Alieleza kwamba ni wachache, hawana rasilimali, na hawawezi kuharakishwa. Mwezi huohuo lilitoka toleo la 6.4 lililoziba CVE-2023-46847, udhaifu katika uthibitishaji wa nenosiri kwa njia ya Digest, uliomwezesha mtu wa mbali kumwaga hadi megabaiti 2 za data aitakayo kwenye kumbukumbu ya mashine. Udhaifu huo uligusa matoleo yote kuanzia 3.2 hadi 6.3, yaani zaidi ya muongo mzima wa mashine zilizosimikwa na kusahauliwa.

Oktoba 2025 likaja jingine, CVE-2025-62168, lililopewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Squid ilipokumbana na hitilafu na kuandaa ukurasa wa maelezo, ilishindwa kuficha taarifa za kuingilia zilizokuwa ndani ya ombi, na msimbo wa mvamizi kwenye kivinjari ungeweza kuzisoma. Dawa ilikuwa kuhamia toleo la 7.2. Asiyeweza kuhama alielekezwa aandike mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, email_err_data off. Mstari mmoja! Swali ni nani, katika ofisi ngapi za kaunti 47, aliyeambiwa auandike.

Watetezi wa wazo la usalama wa mashambani wana hoja moja yenye uzito, na haifai kupuuzwa. Wanasema siku hizi tovuti karibu zote hutumia HTTPS, ile ya alama ya kufuli, kwa hiyo proksi iliyo njiani haioni kilichomo wala haiwezi kukibadilisha. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Kufuli hilo limeondoa hatari nyingi za mwaka 2005, na sumu ya kache ya mwaka 2016 leo ingepata kurasa chache za kuharibu.

Lakini kufuli halilindi mashine yenyewe. Udhaifu unaomruhusu mtu kuandika kwenye kumbukumbu ya seva haujali kama kurasa zimefichwa kwa hesabu ngumu kiasi gani. Akishaimiliki seva ya shule, yuko ndani ya mtandao wa shule, jirani na kompyuta ya bursa. Kufuli halilindi pia ukurasa wa kuingilia Wi-Fi ya vocha, ambao mara nyingi ni HTTP tupu, na ambao ndio mtumiaji anaoujaza nambari yake ya simu. Na muhimu zaidi, kuna kache zinazokaa upande wa pili, mbele ya tovuti yenyewe, baada ya kufuli kufunguliwa.

Krismasi ya 2015 watumiaji wa Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, walifungua akaunti zao wakakuta za watu wengine: barua pepe, historia ya ununuzi, tarakimu za mwisho za kadi. Kampuni ya Valve ilieleza baadaye kwamba duka lilikuwa limeshambuliwa kwa mafuriko ya maombi, na kwamba kanuni mpya za kache zilizowekwa haraka ili kupunguza mzigo ndizo zilizokosewa. Watu wapatao 34,000 waliguswa. Kufuli lilikuwa palepale kwenye kivinjari muda wote. Mwaka 2017 Omer Gil, mtafiti wa Israeli, alionyesha kwa mfano wa PayPal jinsi mtu anavyoweza kutumiwa kiungo kilichoongezwa jina la faili bandia mwishoni, kache ikadhani ni faili la mapambo ya ukurasa na kuhifadhi ukurasa wake wa siri, kisha mvamizi akauchukua kwa raha zake. Tovuti yoyote ya kaunti inayopokea ada za leseni na ardhi, ikiwa na kache mbele yake, inahitaji mtu anayejua kisa hicho.

Wakazi wa mashambani wameshaona pia kwamba umbali hauwakingi hata pale mashambulizi yanapoelekezwa kwingine. Julai 2023 kundi la Anonymous Sudan lilipozidisha mzigo kwenye eCitizen, mfumo wa huduma za serikali mtandaoni, Waziri wa TEHAMA wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha shambulio hilo. Ununuzi wa tokeni za stima ulitatizika, na tiketi za treni ya SGR vilevile. Treni hiyo husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei, zote za Makueni.

Wengine hukubali hatari lakini wakatoa hitimisho lisilofaa: basi Squid itupwe, inunuliwe mashine ya kampuni kubwa. MikroTik ni bidhaa ya kampuni, na Brazil ilivamiwa. Citrix ni kampuni kubwa zaidi, na Oktoba 2023 ilitangaza CVE-2023-4966, iliyovujisha tokeni za kuingilia kutoka vifaa vilivyonunuliwa kwa bei ghali. Kinachotenganisha waliopona na walioumia katika visa vyote hivi ni tarehe ya kuweka kiraka.

Na fedha? Hapa ndipo mjadala hukatizwa. Kitui ina maji ya kutafuta, zahanati za kujaza dawa, barabara za kukarabati, na hakuna mwakilishi wa wadi anayetaka kuonekana akitetea seva mbele ya mama anayetembea kilomita kadhaa na mtungi. Hoja hiyo inagusa moyo, ila haihusiki. Squid ni bure na toleo jipya ni bure. Masasisho ya RouterOS, mfumo unaoendesha ruta za MikroTik, ni bure kwa mwenye ruta. Kinachokosekana ni saa chache za kazi kila mwezi na jina la mtu wa kuzifanya. Zabuni za vifaa vya TEHAMA huandikwa kana kwamba kifaa ni meza: kinanunuliwa, kinakabidhiwa, picha zinapigwa, mkataba unaisha. Mpango wa kitaifa wa tableti za shule za msingi ulioanza mwaka 2016 ulipeleka shuleni, pamoja na tableti, seva ya masomo na ruta ya kuisambaza darasani. Ulikuwa mpango wenye nia njema. Aliyepaswa kuisasisha seva ile mwaka wa tatu, kwa bajeti ipi, ni swali ambalo walimu wakuu wameachiwa wao.

Gharama ya kutofanya lolote inajulikana pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshikilia data kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji unaohatarisha wahusika, na faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5. Shule haziko nje ya sheria hiyo: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna ilitangaza kuitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kosa lile halikuwa la proksi, lakini linaonyesha kwamba udogo wa taasisi haukubaliwi kama utetezi. Na mashine isiyo na msimamizi haiwezi kugundua chochote, sembuse kuarifu ndani ya saa 72.

Kuna proksi nyingine ambazo dawa yake ni kuzimwa tu. Google iliweka kache zake Kenya mwaka 2011, bando limeshuka bei, na kurasa zilizofungwa kwa HTTPS hazihifadhiki kwenye proksi ya shule hata hivyo. Proksi nyingi zilizowekwa zama za setilaiti haziokoi tena chochote cha maana. Zimebaki kwa mazoea, zikisikiliza mlango wa 3128, wakati mwingine zikiwa wazi kwa dunia nzima. Shule ambayo haiwezi kueleza kwa nini bado inayo kache inapaswa kuiondoa muhula huu, na anayehitaji kuzuia tovuti mbaya kwa wanafunzi ana njia nyepesi zaidi za kufanya hivyo.

Kwa zile zinazobaki, mabunge ya kaunti yanayokaa Kitui na Wote yana nafasi ya kuuliza wakati bajeti ya TEHAMA inapoletwa: mashine za aina hii ni ngapi, ziko wapi, nani anaitwa usiku zikikwama, zilisasishwa lini, na je, zinafikika kutoka nje ya mtandao wa kaunti? Afisa anayezisimamia hahitaji mshauri kutoka Nairobi ili ajibu sehemu ya kwanza. Anaandika squid -v na mashine inataja toleo lake. Ikitaja 3, 4 au 5, mradi wenyewe hautoi tena viraka vya matoleo hayo, na isipokuwa Ubuntu, Debian au Red Hat bado wanaendelea kumpelekea vya kwao, kazi ya kuhamisha inapaswa kuanza wiki hiyohiyo.